Nguvu Zangu na Jina la Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Nimeshindwa tena kuinua mbao ya reli. Wenzangu wawili wakaibeba bila kuniangalia. Miezi mitatu sasa niko hivi. Nalala mapema, naamka nimechoka. Dispansari walipima malaria, hakuna. Asubuhi nimemeza vidonge viwili vya maumivu ya mgongo, kama kila siku. Mke wangu Charlotte hajui. Alinikataza tangu mwaka jana.

Jumatano, 5 Juni
Choo cheusi tena, kama lami. Nimemwaga maji haraka. Mtu mzima, nafanya kama mwizi.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa, kaka yangu mkubwa Banza aliita ukoo nyumbani kwangu. Anasema kuna mtu anakula nguvu zangu. Akamtaja shangazi Numbi, dada wa marehemu baba. Mjane, analima mihogo peke yake.
"Njo yeye. Alikuletea bunga, na weye ukaanza kuregea."
Ule unga wa mihogo. Wote wakanitazama. Nilijua habari ya choo. Nilijua habari ya vidonge. Nikainamisha kichwa. Wakakubaliana kwamba nimekubali.

Jumanne, 11 Juni
Shangazi alipofika bombani, wanawake waliondoa ndoo zao. Charlotte ameniambia. Nikaendelea kula. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeanguka kazini, juu ya mawe ya reli. Hospitali. Damu imepungua vibaya. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, akauliza yote: chakula, pombe, mkojo, choo. Charlotte ameketi pale pale. Nikasema choo ni kizuri.
Daktari akaweka kalamu chini. "Papa, damu yako iko inaenda fasi moja. Uniambie ni fasi gani."
Nikasema ni mahali gani. Choo, vidonge, miezi yote. Charlotte alitazama sakafu.

Jumamosi, 15 Juni
Kidonda tumboni. Vidonge ndivyo vilivyokichimba. Banza amechangia damu niongezewe. Nikamweleza ukweli wote. Akasema, "Basi tunyamaze. Maneno itaisha yenyewe."
Nilitamani kukubali. Hilo naliandika ili lisinipotee.

Jumapili, 30 Juni
Nimetembea polepole na Charlotte mpaka bombani, karibu na kwa shangazi. Wanawake walikuwa wengi. Nikasema mbele yao: choo changu, vidonge vyangu, kinywa changu kilichonyamaza siku ile. Nikasema shangazi hakunifanya lolote. Wengine walicheka. Mmoja akaanza kulia, sijui kwa nini.
Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, amesikia.
"Minyi nilikubeba mu mugongo," akasema. Kweli, utotoni alinibeba mgongoni.
Akaingia ndani. Hakunikaribisha.

Jumatano, 17 Julai
Vidonge vya damu vinasaidia. Nimefika shambani kwa shangazi, nikipumzika mara mbili njiani. Alikuwa anang'oa mihogo. Nikamsalimu, akaendelea na kazi. Nikashika mwisho wa pili wa mstari, nikaanza kung'oa taratibu.
Hakunifukuza.