Fundi Karugendo, Kabati Lako Sasa ni Tupu

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba Buberwa, tangu uliporudi kutoka misa ya kwanza, ukasema kifua kimebana, ukaketi kwenye benchi la barazani na usiinuke tena. Tulipokubadilisha nguo tulikuta rozari katika mfuko mmoja na timazi katika mfuko wa pili. Mkeo alivishika vyote viwili, akasema: hivi ndivyo alivyoishi.

Watu wa Kibeta na Hamugembe hapa Bukoba walikuita Fundi Karugendo, au kwa heshima ya Kihaya Ta Alexander, na nyumba ulizowajengea zimesimama hadi leo bila ufa. Lakini wapo wasiokujua, nao tunapenda wasikie habari ya shubaka.

Katika kila nyumba uliyojenga, sebuleni karibu na mlango, uliacha nafasi ya mraba ukutani, mfano wa dirisha lisilotokea nje. Hiyo ndiyo uliyoiita shubaka. Mwenye nyumba akiuliza, "Ta Alexander, na hili nalo nililiomba?" ulimjibu bila kugeuka, "Hili ni la mgeni. Yuko njiani." Siku ya kuhamia ulimletea huyo mgeni ndani ya mfuko mtupu wa saruji: vitabu vitatu, vinne, vya kusomwa na kupelekwa nyumba ya pili vikimalizika.

Mwanzo wake ulikuwa ile stoo ya shule uliyoitwa kuibomoa. Ndani kulikuwa na maboksi ya vitabu vilivyonyeshewa, wakakuambia vitupe. Ulivibeba kwa baiskeli, ukavianika juani kwenye mikeka ya kahawa, ukawa unavigeuza kimoja kimoja kama buni. Majirani walikuja kutazama.

"Mwaka huu Ta Alexander kavuna karatasi," alisema Ma Vestina wa kibanja cha jirani, migomba yake ikipakana na yetu. "Tusubiri atuambie inanunuliwa wapi."

Ulicheka pamoja nao. Mkeo naye alicheka, ingawa yeye ndiye aliyekosa pa kuanika kahawa yake. Na Ma Vestina huyohuyo ndiye aliyekuja wa kwanza kuazima, akakificha kitabu chini ya kanga asionekane.

Hukuwa msomaji wa haraka. Ulifuata mstari kwa kidole, kidole chenye saruji kwenye kucha, na ukifika mahali pazuri ulirudia kwa sauti mpaka mkeo akuambie, "Hapo tumeshapita, Baba Buberwa. Endelea." Uliendelea kidogo, kisha ukarudi palepale.

Kutoka Kibeta vitabu vilishuka Kashai. Huko ulimjengea Ashura chumba cha cherehani, na shubaka lake likakaa katikati ya vitambaa, wateja wakawa wanasoma huku wakisubiri pindo. Kazi ilipokupeleka Muleba, ulipanda na mfuko wako wa saruji hadi Kamachumu, baadaye Nshamba. Kina mama wa huko walibuni namna yao: wanamenya ndizi kwa pamoja, na mmoja anaachwa asimenye, kazi yake kusoma. Wasiojua kusoma walichoka kumenya kila siku, wakaomba wafundishwe. Katika jumuiya yetu zamani masomo ya Jumapili yalisomwa na mtu mmoja tu, miaka nenda miaka rudi. Ulipotutoka tulikuwa tunagombania zamu.

Kabati la vitabu la hapa nyumbani ulilijenga mwenyewe, na lilikuwa halina kitu karibu kila siku. Mgeni akilishangaa ulimwambia, "Hilo likijaa, ujue tumeugua."

Baba Buberwa, siku ya mazishi yako lilijaa.

Wa kwanza alikuwa Ma Vestina. Aliweka chini mkungu wa ndizi, akafungua kanga, akatoa kitabu. "Ma Felicitas, nimeleta kitu cha marehemu. Sitaki anidai huko aliko." Mkeo alikipokea kwa mikono miwili, maana msiba hauna mabishano. Baada yake wakaja wengine. Walikuja na kuni, walikuja na maharage, na kila mmoja alikuwa na kitabu chako kwapani. Watu wa Kamachumu walikodi gari kuja kukuzika, na vitabu vikapanda gari pamoja nao. Ashura alivifunga vyake vyote kwa mtandio.

"Pole, dada yangu," alisema. "Nimeleta vyote, hata kile cha ufugaji wa kuku. Kona yake iliyoliwa usiniulize mimi. Waulize kuku."

Mkeo alicheka akiwa kwenye mkeka wa msiba, na hakuona aibu.

Lakini alikuwa anatazama. Aliona watu wanatoka mikono mitupu wakiwa na amani usoni, kama waliotua mzigo. Walikuwa wamefanya lililo sahihi kwa desturi yetu: kitu cha mtu hurudi kwake anapozikwa. Kabati likajaa. Vilivyobaki vikawekwa upande wako wa kitanda, vikafika hadi usawa wa mto, naye akawa analala kando yavyo. Kila alipogeuka aliona maktaba yako imekuja kufa pamoja nawe.

Alijaribu kuvirudisha. Alimfuata Ma Vestina kibanjani na kile chake. Ma Vestina alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono. "Waitu, mwenzetu Ma Felicitas, unanitafutia balaa? Cha marehemu hakichukuliwi. Kinagawiwa." Alipita Hamugembe nyumba hadi nyumba, wote wakajibu hivyohivyo. Katika mashubaka uliyoyajenga alikuta redio, alikuta birika, na mahali pamoja alikuta kuku anaatamia.

Kaka yako Rugambwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikuja kupanga siku ya kuondoa matanga. Alipoona kitanda alisimama mlangoni.

"Mama Buberwa, hivi vitakutoa ndani ya nyumba. Wauza karanga wa sokoni wanatafuta karatasi ya kufungia. Niwaite?"

Usiku mkeo alishika rozari yake. Alisali akafika fumbo la tatu, akakaa nalo muda mrefu. Asubuhi alifunga kilemba akaenda kwa shemeji yake, akapiga magoti kumwamkia, akapewa kahawa ya kutafuna.

"Shemeji, waitu, koti la ndugu yako atapewa nani?"

"Buberwa. Si ndiye mrithi?"

"Na mwiko wake wa kujengea?"

"Ildefons, mwanafunzi wake wa kazi. Hayo tumeshayasema."

"Na vitabu je?"

"Vitabu nimekuambia habari yake."

"Ni vitu vya marehemu, shemeji. Watu wanasema cha marehemu hakichukuliwi, kinagawiwa. Na wa kugawa ni wewe peke yako. Ukiwapa wauza karanga, karanga ndizo zitakuwa zimemrithi ndugu yako."

Rugambwa alitafuna buni moja, akaongeza nyingine. "Unataka nimpe nani?"

"Kila aliyejengewa."

"Mpaka Muleba?"

"Mpaka Muleba."

"Mama Buberwa, watu wote hao niwafanye warithi? Buberwa atabaki na nini?"

"Atabaki na koti."

Hapo kaka yako alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Alicheka mpaka akajifuta macho, na mwishoni hatukujua anafuta nini. "Ndugu yangu huyu," alisema. "Tulidhani anajenga, kumbe anajizalia warithi."

Siku ya kuondoa matanga alisimama uani akiwa amevaa kanzu yake nyeupe. Alimvika Buberwa koti. Alimpa Ildefons mwiko. Watu wakadhani yamekwisha, wakaanza kutafuta viatu. Ndipo akaita, "Ma Vestina wa Kibeta, njoo uchukue urithi wako."

Ma Vestina aliangalia kushoto na kulia. "Mimi?"

"Kwani jina hili kuna mwingine analo? Njoo."

Alikwenda, akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili kitabu kilekile alichokileta ndani ya kanga. Rugambwa akamwambia maneno yanayosemwa kwa mrithi: alichokuachia usikiache kife. Akaita wa pili. Akaita Ashura wa Kashai, naye alipopokea mzigo wake wa mtandio alisema kwa upole, "Na cha kuku?" Akaambiwa, "Na cha kuku. Hicho ndicho hasa." Sauti ya kaka yako ilikauka kabla vitabu havijakwisha, na Ildefons akamaliza kuwaita watu wa Kamachumu na Nshamba. Mkeo alikaa barazani kwenye benchi lako, akitazama vikitoka getini. Alipoingia chumbani aliutandika upande wako wa kitanda.

Mrithi hashiki mali ya marehemu kama mwazimaji, Baba Buberwa. Hilo hata wewe hukuliona. Alipokuwa mwazimaji, Ma Vestina alikificha kitabu. Leo anakitoa mbele za watu, anasema, "Hiki ndicho alichoniachia Ta Alexander," na anayekiazima anaambiwa akitunze. Ashura ameongeza vitabu vyake mwenyewe, na Jumamosi mchana anafundisha kina mama watatu kusoma kwa kutumia hadithi na maandishi ya kanga. Kina mama wa Nshamba wamepeleka vitabu kijiji cha pili ambako hukujenga hata choo. Ildefons anasema siku hizi haachi tena shubaka bila kuombwa. Mwenye nyumba anamuuliza mapema, msingi haujachimbwa: "Na la vitabu utaliweka upande gani?"

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii asubuhi parokiani, na baadaye tutakutana nyumbani Kibeta, kaburini kwako kwenye migomba. Hapa mkeo ana neno kwa wote watakaokuja, maana amesikia wengine wanafuta vumbi vitabu ili wavirudishe siku ya kumbukumbu. Ndugu, jirani, njooni na ndizi kama mnazo. Kuni zipo, msijisumbue. Kitabu kiacheni nyumbani kwenu, shubakani. Marehemu hamdai mtu. Na akitokea atakayekuja nacho, Mama Buberwa atampokea ndizi na kumrudisha na kitabu chake.

Unakumbukwa na mkeo Felicitas; wanao Buberwa na Joanitha; kaka yako Rugambwa na ukoo wote; mwanafunzi wako Ildefons; rafiki wa familia Ashura wa Kashai; jirani yako Vestina; na warithi wako wote wa Bukoba na Muleba, ambao majina yao kaka yako aliyaita mpaka sauti ikamkauka.

Raha ya milele akupe Bwana. Kabati ni tupu, fundi. Hatujaugua, wala hatutakusahau kamwe.