Mkono wa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Siku ya pili tangu operesheni. Koo limetobolewa nipumue, sauti sina — naongea na daftari. Kansa imeondoka na nusu ya ulimi. Mahali pake wameshona kipande cha nyama ya mkono wangu wa kushoto! Mshipa wake umeungwa shingoni. Kila saa muuguzi Falonne anamulika tochi mdomoni, aone kama kipande bado kina rangi ya waridi. "Iko rose, tata Mulumba. Lakini muntu asikufinye pa shingo, ile mushipa iko fragile, itaziba." Kipande kikishika, nitarudi kufundisha shuleni kwetu Kasulo. Kikifa, kitatupwa. Malori ya madini yanapita nje, kitanda kinatetemeka. Nyamazeni huko!

Jumanne, 8 Oktoba
Bado rose. Mate yanamwagika ovyo — aibu! Mke wangu Mignonne anapangusa na kunitania: "We wa maneno mingi, leo njo utanisikiliza!" Nilicheka kwa pua. Iliuma.

Jumatano, 9 Oktoba
Mama mkwe amefika kutoka Sandoa. Mama Ngoyi. Miaka kumi na moja ya ndoa, hatujawahi kupeana hata mkono. Kwetu mkwe husalimiwa kwa mbali, macho chini. Amesimama mlangoni, akalia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Saa mbili asubuhi Mignonne alikwenda kuchota maji. Mama Ngoyi akasogea, akafumba macho, akaniwekea kiganja shingoni. Akaomba. Akafinya! "Mungu, unirudishie huyu mutoto wangu." Mutoto — mimi! Mkono wa kulia ulikuwa huru. Lakini kumsukuma mama mkwe? Nikavumilia, labda dakika kumi. Mjinga mimi!

Saa tatu Falonne alimulika, akakawia. Hakusema rose. Alikimbia.

Daktari Beya amekichoma kipande sindano: damu nyeusi, imekwama. Narudi kupasuliwa sasa hivi. Ameuliza, kuna mtu aliyegusa shingo? Tangu saa ngapi? Akijua, atajua pa kuanzia.

Mama Ngoyi ndiye aliyejibu, kwa moyo safi kabisa; kwake, kuombea si kugusa. "Hapana, docteur. Hakuna muntu alimugusa. Mi nilikuwa hapa, nilikuwa namuombea tu."

Daktari amekwenda kunawa. Anangoja niandike. Machela imefika. Naogopa, naogopa sana. Ukurasa wa nyuma nimeandika: saa mbili, dakika kumi. Jina bado. Mama Ngoyi kusoma anajua, na ameinama anishikie daftari lisianguke —