Zamu ya Mutuka

Jumatano, 25 Juni 2025

Mwinjilisti Anselimu wa Singe kapiga simu. Mwezi huu hukuja kikaoni, anasema, tulikuombea mafua yako. Mafua! Meseji niliituma mwenyewe, pua kavu kabisa. Kisha akanikumbusha: Alhamisi ya kwanza ya Julai wainjilisti wenzangu wote wanakuja kwangu, Mutuka. Zamu imefika. Siwezi kuugua tena.

Ijumaa, 27 Juni

Wazee wa kanisa wamepanga chakula. Makande, chai ya maziwa. Mpishi? Leonia kajitolea! Mzee Herieli akasita — binti bado yuko chini ya nidhamu ya kanisa, alizaa bila ndoa. Nikasema kupika makande si kushiriki Meza ya Bwana, mwacheni. Sauti ilitoka kali. Wakadhani ni huruma. Ni woga mtupu.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada Leonia kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Shikamoo, Mama. Anasema moyo wake umetulia, kwa kuwa mwanawe Yohanes aliondoka duniani amebatizwa. Nikaitikia marahaba. Marahaba tu! 

Jumatano, 2 Julai

Haya, niandike. Daftari halina mdomo.

Ilikuwa Mei, zahanati. Mtoto wa miezi minne, anahema kwa shida. Nesi kasema mkimbizeni hospitali ya mjini. Leonia akatoka mbio kutafuta bajaji, akaniachia mtoto na kikombe cha maji. Mbatize, Mama, asije akanifia hivi hivi.

Penye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Nafundisha hilo mwenyewe! Lakini mama mtu yuko chini ya nidhamu, na mwaka juzi mchungaji alinikaripia mbele za watu kwa kujiamulia mambo. Nikampigia kwanza, niombe ruhusa. Hapatikani. Tena. Hapatikani. Mara ya nne nikamtazama mtoto. Hahemi. Maji yote yako kikombeni.

Leonia akarudi. Umembatiza? Nikasema ndiyo.

Mume wangu nikimwambia atasema Mungu anaelewa, yaishe. Ataelewa nini yeye? Wainjilisti wenzangu wanaijua simu ile ya kumwomba mchungaji ruhusa. Wameipiga wote. Kikaoni kila mmoja husema jambo lililomshinda mwezi huo, na ni mwiko kumshauri kabla hatujamwombea. Mwaka jana Anselimu alikiri kwamba mazishini, badala ya jina la marehemu, alitaja la kaka wa marehemu — mzima, kasimama palepale kaburini! Tulicheka mpaka basi. Kisha akalia, nasi tukalia naye. Akarudi Singe mwepesi. Nilimwonea wivu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimelihubiri hilo mara ngapi!

Alhamisi, 3 Julai

Saa tano kasoro, ofisini kwangu. Naandika haraka — mapumziko ya chai.

Watano wamekwisha kusema. Hellen, mdogo wetu kuliko wote, kasema siku hizi haombi ila mbele za watu. Hakuna aliyeshtuka. Tuliinamisha vichwa tukamwombea, na Anselimu akasema tu, hata mimi, mwanangu, miaka miwili mizima. Hellen akacheka huku anafuta machozi. Laiti ningekuja Juni! Mwezi mzima nimebeba peke yangu, kwa kiburi cha bure.

Baada ya chai ni mimi. Nimeamua. Nasema yote, mlango umefungwa, kwao tu. Kisha wanisaidie namna ya kumwambia Leonia.

Anselimu kagonga, kachungulia. Mama Sarah, tunakungoja wewe. Uso umejaa furaha. Kasema wamemkaribisha ndani yule binti anayetupikia, ana shukrani anataka kuitoa mbele ya watumishi wote. Shukrani ya mtoto wake. Nikamuuliza, ameshaisema? Akasema hapana, anakusubiri wewe uanze.

Namwona Leonia dirishani, kwenye chumba cha kikao. Kavaa kitenge kipya. Kaniwekea kiti pembeni yake, anakifuta vumbi kwa khanga.

Nimejibu nakuja. Bado nimekaa.