Kwa Boazi Haonga, Aliyewasimulia Wengine Uji Wangu

Mwaka umetimia, baba Jairo, tangu tulipokulaza hapa Hasamba, kando ya mibuni uliyoipanda mwenyewe. Nilidhani wivu wangu ungezikwa nawe. Wapi!

Ulikuwa mpole. Hukumpita mtu bila salamu, na likizo ulishuka kwenye treni ya TAZARA ukaingia shambani kuchuma kahawa nasi. Lakini moyo uliuacha chuoni Mlimani, kwa wanafunzi wako, uliowafundisha jinsi ulimwengu ulivyoanza. Mimi nikikuuliza, unacheka: "Ni habari ndefu, mama Jairo." Kwangu ndefu, kwao fupi?

Asubuhi nikikupa uji, hunywi. Unautazama ukipoa, unageuza mabonge kwa kijiko. Nikasema moyoni, huyu anamuwaza mwingine. Nikamshitakia shangazi yako Enesi, naye akaniambia, "Usiache kukoroga, mwanangu." Nikakoroga hadi bega likauma. Uji ukatoka laini, nawe ukaunywa wote.

Siku ya mazishi akaja Jenista, mwanafunzi wako wa zamani, ambaye sasa ndiye anayefundisha somo lako. Analia kunishinda mimi mjane! Akanishika mkono mbele ya waombolezaji: "Mama, kumbe wewe ndiye wa uji wa mabonge?"

Nusura nimzabe kofi. Chuo kizima kinajua mabonge yangu!

Akanieleza. Kila mwaka ulilianza somo lako hivi: mwanzoni ulimwengu wote ulikuwa moto na mzito, kama uji wa mke wangu Tabita, ukatanuka, ukapoa. Ungekuwa laini kabisa, pasingekuwa na nyota, wala dunia, wala sisi. Vibonge vidogo ndivyo vilivyovuta vingine vikakua. "Siku hizi anakoroga mno," ukawaambia, "nami naona haya kumkataza."

Haya gani, Boazi? Wao waliambiwa, mimi niliyepika sikuambiwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Leo nimekoroga ovyo, makusudi. Mabonge tele. Jenista amefika, nimemkaribisha, anywe. Ila bakuli lako nimeliweka kwangu, asiliguse. Linapoa, nami nalitazama mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo Tabita, mwanao Jairo, shangazi Enesi na ukoo wote wa Haonga. Na wanafunzi wako, haya, nao pia.

Hatutakusahau kamwe. Mimi kwanza, wao baadaye.