Saa Mbili ya Mkataba

Nyumbani, juu ya duka la mikate,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi ni wazima, ila mimi tangu jana nimepigwa na bumbuwazi, na Dada ananicheka.

Unajua Dada huoka na kuuza mikate kwa jina la kampuni. Mwaka huu kampuni ilitaka kuvunja mkataba na kumpokonya jina hilo. Eti amekwepa ukaguzi mara tatu. Kila mkaguzi akija, mlango umefungwa. Dada alishikilia neno moja tu: alikuwepo.

Mjomba, sikumwamini. Nilimwambia asalimu amri, maana ukishindana na ndovu kunya utapasuka msamba. Alinitazama, akaendelea kukanda unga.

Kampuni ilikimbilia mahakamani kwanza, ikitaka kibao cha duka king'olewe siku ileile. Jaji akawarudisha: mkataba wenu wenyewe unasema mgogoro uanzie kwa mwamuzi mliyekubaliana, nendeni huko.

Basi jana tukaenda. Nilitarajia majoho na kizimba. Kumbe ni chumba cha kawaida, meza moja, feni inayolialia, na mwamuzi mwenyewe ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikajisemea, hapa tumekwisha. Mawakili wawili wa kampuni walisema saa nzima, yeye anasoma tu. Alipoinua kichwa, wallahi hata kupumua niliogopa.

Alichukua barua tatu za kutangaza ukaguzi. Zote zimeandikwa "saa 2:00", basi. Akamuuliza mkaguzi alikwenda saa ngapi. Saa nane mchana, akajibu, maana kompyuta ya ofisini huandika saa za Kizungu. Na Dada je? Saa mbili asubuhi, sakafu imeshapigwa deki, akangoja mpaka mikate ilipokwisha saa saba, ndipo akafunga.

Mama yule akafungua ukurasa wa mwisho wa mkataba, akasoma taratibu kwamba lugha yake ni Kiswahili. Kisha akasema, "Basi na saa zake ni za Kiswahili. Huyu alikuwepo."

Nywele zilinisimama, Mjomba. Duka la miaka kumi na moja limeokolewa kwa sentensi mbili, bila mtu kupaza sauti. Wakili mkubwa akauliza kama wanaweza kurudi mahakamani. Akajibiwa mlango uko wazi, ila jaji hatakaa kuhesabu saa upya. Wakakunja makabrasha yao. Sijawahi kuona neno lenye uzito namna ile likitoka kinywani mwa mtu mpole.

Tulipofika nyumbani nikamwomba Dada radhi. Hakukasirika. Alisema, "Yule mama alihitaji barua tatu kuniamini, na ni haki yake. Wewe ni ndugu yangu."

Mimi niliyezoea kuwa na jibu, nikanawa mikono nikamsaidia kukanda unga.

Msalimie mkaza mjomba, na yule binti yako fundi cherehani. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ukiwa na goti zima.

Mpwa wako nikupendaye hata nikikosea,
Kasuku