Kuomba Hakuniaibishi Tena

Mjukuu wangu Aline,

Tunakusalimu kutoka Ngagara, mimi na mume wangu Silvesta. Neno hilo, mume, bado nalitamka kwa raha. Asubuhi ananimiminia chai nami namtazama tu, mpaka mama yako anasema tumezidi.

Unaniuliza: wewe uliye peke yako katika maktaba ya hospitali, ugenini, ukiwaomba msaada wakutubi wenzako wa chama chenu cha maktaba, si wataona hujui kazi?

Nilipokuwa msichana katika kazi hiyohiyo, daktari aliingia mbio. Alikuwa na mgonjwa mjamzito, akataka kujua kama dawa aliyokusudia kumpa ingemdhuru mtoto. Kitabu chetu kilikuwa cha zamani mno. Lakini chama chetu kilikuwa na desturi: husemi "hatuna" kabla ya kuwauliza wenzako. Nikapiga simu maktaba nyingine, nikiona haya.

Akaja kijana kwa baiskeli kutoka maktaba ya Nyakabiga, amelowa, kitabu kikavu ndani ya koti.

"Ni we uliomba?"

"Ni mi. Samahani kwa kukusumbua."

"Samahani ya nini? Juzi mi niliomba kwa wengine. Fungua, dokta anangoja."

Daktari akasoma, akabadili dawa. Mama yule alijifungua salama.

Kijana huyo ndiye Silvesta. Kila mmoja wetu alifunga ndoa na mtu mwingine, tukafiwa na wenzi wetu, na uzeeni tukakutana tena kwenye mkutano wa chama. Nilipoona anazungukazunguka maneno, nikamwomba mimi mwenyewe anioe.

Bibi yako anayekupenda