Kitovu cha Joka Kuu

Jumamosi, Bagamoyo. Mvua imepiga tangu asubuhi, umeme umekwenda na kurudi mara sijui ngapi, na mimi nimekaa ukumbini na simu yangu nikiwa na hasira iliyotulia. Ile ya kupayuka ilishapita zamani. Hii ya sasa inakunywa chai.

Nianze na joka, kwa sababu kuna wasomaji wageni kwenye blogu hii wasiomjua. Tena leo nitaeleza na mwisho wa gemu, ambao sijawahi kuuandika humu.

Kwenye gemu ninalolicheza na kuliandika humu kila wiki, yuko mtawala wa kale anayeitwa Orumandi, Joka Kuu wa Nchi ya Majivu. Gemu linaanza kwa yai kupasuka gizani, na anayetoka ndiye yeye. Alitawala muda mrefu kuliko kumbukumbu za watu wake. Hakuwa na jeshi, hakuwa na hazina. Alikuwa na sauti tu. Akinguruma, moto unawaka na milango ya chuma inafunguka yenyewe, na wafalme wa nchi za jirani wanaleta zawadi kabla hawajaombwa.

Siku moja akaokota mtoto wa binadamu mlangoni pa kasri, jina lake Neri. Akamlisha, akamfundisha kusoma nyota, akamlaza chini ya bawa lake wakati wa baridi, akamwita mwanangu. Neri alipokua akamwibia sauti. Akaitia kwenye chupa, akajificha nyuma ya pazia la kiti cha enzi, na tangu siku hiyo ananguruma yeye na watu wanasujudu wakidhani ni joka. Joka mwenyewe amelala chini ya kasri, bubu, anasikia sauti yake ikitoa amri ambazo hakuzitoa.

Mwishoni wewe mchezaji unaambiwa uchague. Umuue joka, nchi itulie chini ya Neri, kila mtu aendelee na shughuli zake. Au uivunje chupa, umrudishie sauti yake, uone atakachofanya.

Atakachofanya ni kuchoma kila kitu.

Mimi nimelimaliza gemu hili mara nyingi na kila mara naivunja chupa. Wenzangu wanasema mwisho ule ni mrefu mno, wanauruka. Mimi namtazama Neri anavyotoka nyuma ya pazia akikimbia, natazama mpaka majina ya waliotengeneza yanapita yote.

Basi. Hapa panamtosha Nassoro. Yeye huwa haendi mbali zaidi ya hapa, na sababu mtaiona. Mliobaki, tuzungumze.

Nassoro ni binamu yangu, mtoto wa dada yake marehemu baba. Shangazi alipopata mimba yake ya kwanza alirudi kwao kujifungua, kama wanavyofanya wanawake wa hapa kwetu, kwa hiyo Nassoro alizaliwa kwenye nyumba hii hii ninayoandikia. Miezi michache baadaye nikazaliwa mimi. Shangazi hakuishi sana baada ya hapo, na baba akatulea pamoja kama mapacha. Ndiye aliyetununulia mashine ya gemu. Pedi ya kuchezea ilikuwa moja, huyu akifa anampa mwenzie. Nassoro hakuwahi kufa kwa kosa lake. Akifa, pedi mbovu.

Siku hizi anakaa Mapinga, kwenye nyumba mpya yenye geti jeusi, na ana chaneli ya video inayotazamwa na watu wengi kuliko watakaowahi kuisoma blogu hii. Huko anasimulia habari za Joka Kuu. Sauti yake nzuri, sikatai. Nzito, ya kuswalisha.

Maneno ni yangu.

Sisemi yanafanana. Anasoma makala zangu neno kwa neno, mpaka pale nilipoandika "ngojeni kidogo ninywe maji", na yeye akasema kwenye video, ngojeni kidogo ninywe maji. Hakunywa hata hayo maji.

Nilipolalamika, mama alicheka. "Mwanahamisi nawe! Binamu yako huyo, mtani wako. Akuibie nani kama si yeye?"

Ndivyo ilivyo kwetu, mabinamu ni watani. Binamu anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku, akamchinja, akamla hapo hapo barazani, na wewe ukitoka unamkuta unacheka. Ukikasirika, mwenye kasoro ni wewe, hukufundwa. Nassoro analijua hilo vizuri. Kila nilipompigia simu alisema, "Aa, dada, utani tu huo," akakata. Ningemshtaki wapi? Hakuna mtu mzima mji huu atakayekaa kikao kusikiliza kesi ya utani.

Ningeweza kuendelea kucheka. Wallahi ningeweza.

Lakini ikaja khitma ya baba. Wiki ile niliandika makala ndefu ya jinsi Joka Kuu alivyomlea Neri, na aya ya mwisho kabisa nikaweka tangazo: Jumapili tunamsomea baba hapa nyumbani, waliomfahamu waje. Nassoro aliisoma makala hiyo kwenye chaneli yake. Pale kwenye "akamwita mwanangu" sauti ikamkatika, watu wakammwagia mioyo myekundu. Jumapili hakuja. Tulipomuuliza alisema hakupata habari, na ujumbe wa mama haukumfikia kwa sababu simu ilikuwa mbovu.

Hakupata habari! Tangazo lilikuwa mwishoni mwa makala aliyoirusha yeye mwenyewe.

Hapo nikajua kwamba hasomi mpaka mwisho. Akiona maneno yametosha urefu wa video yake, anaacha. Na baba yangu, aliyempa pedi kabla ya kunipa mimi, alikuwa kwenye yale maneno yaliyobaki.

Nikaapa kumtega.

Kuna swali ambalo wachezaji wote wa gemu hili wanaulizana, na gemu halijibu popote. Joka Kuu ana mabawa. Kwa nini baada ya kuibiwa hakuruka akaenda zake? Kwa nini amekubali kulala chini ya sakafu ya mwizi wake? Nikakaa nikatunga jibu, nikaliandika kama vile limo ndani ya gemu. Nikasema Orumandi alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya kizingiti cha kasri, na joka hawezi kupahama mahali kilipozikwa kitovu chake, hata akidhulumiwa.

Uongo mtupu. Tena uongo wa kijinga, kwa sababu joka katoka kwenye yai. Yai! Ndiyo picha ya kwanza ya gemu. Mtu yeyote aliyelicheza japo kidogo angeuliza kitovu kimetoka wapi. Nikapiga hesabu zangu: Nassoro atakisoma, wachezaji watamvua nguo hadharani, na mimi nitakaa pembeni nicheke, maana ni utani tu.

Akakisoma. Kwa ile sauti yake. Akatia na kinanda.

Hakuna aliyecheka.

Watu walilia. Nilisoma maoni yao mpaka macho yakaniuma. Mmoja wa Pangani anasema kitovu chake kilizikwa chini ya mnazi wa bibi yake, mnazi ukakatwa, na tangu hapo hatulii. Mwingine yuko Maskati, anasema chake kiko Saadani na sasa ameelewa kwa nini kila mwaka lazima arudi. Hakuna aliyelikumbuka yai. Kwetu huku kila mtu ana kitovu chake mahali, na mtu akitajiwa kitovu hajiulizi ni cha nani. Mmoja tu ndiye aliyehoji, jamani si katoka kwenye yai huyu? Akajibiwa na mfuga kuku wa Vigwaza kwamba hata kifaranga ana kitovu, na mahali pa kutotoleshea pakiwa pachafu kitovu kinavimba, kifaranga anakufa. Mjadala ukaishia hapo. Nilimchukia yule mfuga kuku kwa moyo wangu wote.

Nimemchimbia Nassoro shimo, limegeuka jukwaa.

Video ikafika kwa kampuni moja ya Dar inayoandaa toleo la Kiswahili la gemu hili. Wanatafuta mtu wa kuandika historia yote ya Joka Kuu kwa Kiswahili na kuisoma ndani ya gemu lenyewe. Niseme wazi: hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naiomba kwenye kila sala tangu nilipoanzisha blogu hii. Niliamini ipo siku watakuja kutafuta mtu, na watakuta nimeshaandika.

Wakaja. Wakampigia yeye.

Leo mchana mvua ilipokatika kidogo, nikasikia hodi. Nassoro, na boksi la halua mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo umetutupa hivyo?"

"Kazi, mama. Zimenibana."

Hakuingia. Alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, viatu vimejaa matope. Akanigeukia mimi. Sijawahi kumwona Nassoro akiona haya na leo pia sikumwona.

"Dada, ile habari ya kitovu cha joka, kwenye gemu iko sehemu gani? Jumatatu jamaa wanataka niwaonyeshe palepale mbele yao. Wamewauliza wenye gemu huko Ulaya, wanasema hawakumbuki kuiandika."

Wenyewe hawakumbuki, na bado haijampitia akilini kwamba haipo!

Mama aliacha kufungua boksi. Akamtazama Nassoro, akanitazama mimi. "Kumbe mpaka akuulize wewe," alisema, polepole, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote hakucheka.

Sasa nikwambieni alipokuwa amesimama. Chini ya kizingiti kile ndipo bibi alipozika kitovu cha Nassoro, na baadaye changu kando yake. Baba alikuwa akituonyesha tangu tukiwa wadogo. Tukigombana alitusimamisha pale wote wawili na kutwambia, "Nendeni mtakakokwenda, nimewafunga hapa." Ule uongo wa joka niliutoa hapo, sikuutoa mbali. Nassoro kayasikia maneno hayo mara nyingi kama mimi.

Nikangoja atazame chini.

Angetazama chini mara moja tu, ningemweleza kila kitu, na pengine tungecheka kweli. Alitazama simu yake.

"Iko chini ya kizingiti," nikamwambia.

"Kizingiti gani?"

"Cha kasri. Lakini hakifunguki mpaka ulimalize gemu lote bila kumuua mtumishi hata mmoja. Ukiua mmoja tu, anza upya."

Akaandika kwenye simu. Watumishi wa kasri wanatokea kila kona na visu, hata mimi siwezi, na Nassoro hajawahi kumaliza gemu lolote maishani mwake. "Ndiyo maana nakupenda, dada," akasema. Akaugeuza ule mguu mmoja akaondoka, matope akatuachia.

"Umemwambia kweli?" mama akauliza.

"Nimemtania, mama."

Mama akaonja halua. "Halua yenyewe ngumu," akasema, akalisukuma boksi pembeni, akaenda kuchukua tambara afute mlango.

Sasa naandika hapa na najisikia vizuri kuliko nilivyotegemea. Namwona Jumatatu, mbele ya watu wenye suti, anasugua pedi kwenye kizingiti ambacho hakina kitu. Namsikia akisema pedi mbovu. Nimeirudia picha hiyo tangu mchana na bado tamu. Nimejaribu kumwonea huruma, mara mbili, kwa ajili ya baba. Haikuja.

Lakini baba hakuwa mtu wa kumfungia mtu mlango pasipo hodi, kwa hiyo nami naacha nafasi moja.

Nassoro, kama kweli umefika huku chini, jua hakuna kitu chini ya kizingiti cha kasri. Kile kitovu cha joka nilikitunga mimi. Kitovu kiko hapa nyumbani, pale uliposimama leo na viatu vyako vya matope, chako na changu. Rudi kesho, usimame palepale, umwombe mama radhi kwa ile khitma. Ukifanya hivyo, Jumatatu nitakwenda nawe Dar na tutawaambia pamoja nani aliyeandika. Usipofika huku chini, nenda peke yako ukangurume.

Mlango utakuwa wazi tangu asubuhi. Na Mwenyezi Mungu anisamehe, naomba usifike.